Kamba Isiyo na Fundo

Sura ya Saba

Riziki alipigwa tangu alfajiri, na alipokiri, alikiri vibaya.

Inspekta Asmani Lukeba alilijua hilo kabla Komanda hajamaliza kusoma karatasi yake. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma cha kituo, hapo Rumonge, amejiziba pua kwa sababu ya harufu ya damu na mkojo, akimtazama mtu aliyeegemezwa ukutani. Riziki alikuwa mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji cha Taasisi ya Ziwa. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa. Vidole vilivyozoea kuokota herufi za madini ya risasi moja moja vilikuwa vimekanyagwa kwa buti hadi vikapoteza umbo. Kila alipovuta pumzi, kitu kilikwaruza ndani ya kifua chake.

"Bon," Komanda alisema, akaikunja karatasi. Alikuwa mnene, mtulivu, na kikombe chake cha chai kilikuwa kwenye dirisha la chumba hichohicho. "Iko kila kitu hapa. Dokteri Kalume alisema ataleta mashini mupya, wapanga herufi warudi kwao. Huyu akakasirika. Akamupiga na fremu ya chuma, Dokteri akaanguka kifudifudi, yeye akakimbia. Lori ya Bujumbura inaondoka saa sita. Atapanda."

Kila mtu wa pwani ile, kuanzia Kabezi hadi Nyanza-Lac, aliijua lori hiyo. Waliopandishwa kwa karatasi ya Komanda, wake zao hawakuambiwa wapeleke chakula wapi.

"Akamwacha kifudifudi?" Asmani aliuliza.

"Njo vile alisema."

Asmani alichuchumaa. "Riziki. Ulimfunga taya kwa nini?"

Jicho zima lilimtafuta, likampata. "Taya ya nani, shefu?"

Askari aliyekuwa akijifuta mikono alicheka, akampiga Riziki teke la mbavu. Riziki hakulia, alikohoa tu, na kilichotoka kilikuwa chekundu. Asmani alimkamata yule askari kwa ukosi wa shati, akambamiza ukutani mara ya kwanza, akambamiza mara ya pili hadi kofia ikaanguka.

"Mguse tena, nikuonyeshe."

"Inspekta," Komanda alisema bila kuinuka. "Hapa si Bujumbura. Na ni weye ulimuleta huyu muntu hapa. Umesahau?"

Hakusahau, na ndiyo maana alikuwa na hasira. Mambo yalikuwa hivi. Ulikuwa mwaka wa nane wa Uhuru. Siku ya Ijumaa, Dokta Joachim Kalume, daktari wa vitabu na si wa sindano, alikalia rasmi kiti cha mhariri wa *Kumbukumbu za Ziwa*. Jarida hilo la wataalamu wa historia na lugha za Tanganyika lilianzishwa na mapadri kabla ya vita vya Hitler, na hadi leo lilisomwa Ubelgiji, Uganda na Kongo. Kalume alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile. Hotuba zilisomwa, soda zikanywewa. Jumapili asubuhi akakutwa chini ya meza ya kupangia herufi, fuvu limepasuka. Hakuwahi kuhariri hata ukurasa mmoja.

Lakini maiti haikukutwa kifudifudi. Ililala ubavu wa kulia, kichwa upande wa milima, miguu upande wa ziwa, macho yamefumbwa. Taya lilikuwa limefungwa kwa kamba nyembamba iliyozungushwa kichwani, nayo haikuwa na fundo. Ncha yake ilisokomezwa chini ya mizunguko, vile wapanga herufi wanavyofunga ukurasa wa herufi zilizopangwa usije ukamwagika. Asmani ndiye aliyeligundua hilo, na kwa ujuaji wake akalisema kwa sauti mbele ya Komanda. Kesho yake alfajiri Riziki akatolewa kitandani. Mdomo wa Asmani ulikuwa umemponza mtu mwingine.

"Mtu amepiga, amekimbia," alisema sasa. "Taya alifunga saa ngapi?"

"Labda alirudi."

"Mbona hakusema?"

"Inspekta, muntu akipigwa, mambo mengine anasahau." Komanda alichukua kikombe chake. "Saa sita."

*

Nje ya lango alikaa Mwanvua, mke wa Riziki, amefunga sufuria ya ugali na ndagala ndani ya kitenge. Yeye ndiye aliyekuwa akifagia kiwanda cha uchapaji, na ndiye aliyeikuta maiti.

"Amahoro, shefu. Watamupa?"

"Utampa mwenyewe," Asmani alisema, ingawa hakuwa na hakika. Akachuchumaa mbele yake. "Mama Mwanvua, nikuulize neno moja, na usiniogope. Ile Jumapili, ulipomkuta Dokta, wewe ndiye uliyemgeuza? Ukamfunga taya kwa huruma tu? Si kosa. Mtu yeyote angefanya."

Lilikuwa tumaini lake. Kama ni Mwanvua, basi muuaji alipiga akakimbia, na ile kamba iliyomponza Riziki haikuwa na maana yoyote kwa mtu yeyote.

Mwanvua alimtazama kana kwamba amemuuliza kama yeye hula nguruwe. "Miye? Sikumugusa. Nilisimama pale kwa mulango, nikapiga kelele. Na hata ningemugusa, shefu, ningemuelekeza wapi? Yeye alikuwa mukristo. Ningemuwekea mikono kwa kifua, vile wanafanyaka kwao, nangojea Padri."

"Kumwelekeza?"

"Si alikuwa ameelekezwa kibla? Weye muislamu mwenzetu, haukuona?"

Aliona, na hakuona. Alikuwa ameshughulika na kamba. Alisimama palepale barabarani akageuka, milima mkono wa kulia, ziwa mkono wa kushoto, uso kaskazini. Maiti ililala ubavu wa kulia, uso huko. Mtu alimpasua mwenzake fuvu kwa chuma, kisha akaona haya kumwacha kama mzoga. Akamfumba macho, akamfunga taya, akamgeuza kibla.

Akamgeuza kibla Mkatoliki, mtu aliyepokea komunyo mbele ya mji mzima. Riziki asingefanya hivyo. Mwislamu yeyote wa Rumonge asingefanya hivyo. Angefanya mtu mmoja tu, anayejua kwamba Joachim Kalume hakuzaliwa Joachim.

"Murakoze, mama," alisema. "Usiondoke hapa."

"Niende wapi?"

*

Padri Anselmi, mhariri aliyeng'atuka, alikuwa akifunga vitabu vyake kwenye masanduku ya mbao. Alikuwa Mbelgiji aliyekaa hapa miaka mingi, mwembamba, na alisema Kiswahili cha misioni, kila neno limenyooka. Asmani hakumpa muda wa maamkizi marefu. Kwanza alimtazama mikono. Mtu aliyeandika juu ya Waislamu wa ziwa kwa nusu ya maisha yake alijua kibla iko wapi.

"Padri, ulimkuta Dokta kabla ya Mwanvua?"

"Unaniuliza kama nilimwua?"

"Nakuuliza kama ulimgusa."

"Ningalimgusa, ningalimpaka mafuta matakatifu, kama ilivyo wajibu wangu. Hakupakwa. Jambo hilo linaniumiza zaidi ya swali lako." Macho yake yalikuwa mekundu. Asmani alimsadiki, akamfuta kati ya washukiwa.

"Kalume alizaliwa wapi?"

"Kabonga, karibu na mpaka. Alibatizwa alipokuwa mwanafunzi Bujumbura. Juu ya wazazi wake hakusema neno kamwe, nami sikumwuliza. Watu wengi walifika shuleni kwetu wakiwa na jina moja, wakatoka na jingine."

"Hapa nani mwingine anatoka Kabonga?"

Padri alishika kitabu hewani. "Katibu wangu, Feruzi. Lakini hao hawakujuana. Niliwatambulisha mimi mwenyewe siku ya Ijumaa. Walisalimiana kwa Kifaransa, wakapeana mikono kama wageni."

Kabonga ilikuwa safu ya vibanda na mitumbwi michache. Watoto wawili wa umri mmoja wasingeweza kukua pale bila kupigana, kuibiana ndagala na kuchapwa na mwalimu mmoja.

"Dokta alikuwa na mpango gani na jarida?"

"Kuhusu toleo lake la kwanza aliniambia jambo la ajabu. Alisema mhariri mpya huanza kwa kusoma matoleo yote ya zamani, na kwamba yeye ataanza kwa kuwaomba wasomaji radhi. Nilimwuliza, radhi ya nini? Akasema, nipe siku mbili nizungumze na mtu kwanza."

"Na sasa kiti ni cha nani?"

"Cha Feruzi, kwa muda. Alikitarajia tangu mwanzo, maskini. Komite ilitaka mtu mwenye digrii."

*

Feruzi alikuwa amekikalia hasa. Kiti kilikuwa kikubwa, cha mninga, na meza iliangalia ndani ya kiwanda kwa mlango ulio wazi, mashine zimenyamaza, sakafu imekwisha kuoshwa. Alikuwa nadhifu, shati jeupe, miwani, kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa akisahihisha.

"Hongera kwa kiti," Asmani alisema, akaketi bila kukaribishwa.

"Ni kwa muda tu, Inspekta, hadi komite ikae. Jarida haliwezi kulala kwa sababu ya msiba."

"Dokta ulimjua zamani?"

"Hapana. Tulijuana hapa, Ijumaa."

Asmani alitikisa kichwa kama mtu aliyechoka, na kweli alikuwa amechoka. Jua lilikuwa limepanda. Alikuwa na uongo mmoja tu mfukoni, nao ulikuwa mchafu. Akautoa.

"Basi habari hii haitakuumiza sana. Komanda amekataa mazishi. Anaogopa watu wakikusanyika. Wamechimba shimo nyuma ya choo cha kambi, wakamvuta kwa mguu. Nimetoka huko sasa hivi. Ile kamba waliikata, mdomo ukafunguka, ukajaa udongo. Amelala kifudifudi na suruali yake."

Kalamu nyekundu ilisimama.

"Hawakumuosha?"

"Wamwoshe kwa nini? Padri mwenyewe haoshi."

"Hata sanda?"

"Mkristo na sanda wapi na wapi, bwana Feruzi? Wameanza kumwaga chokaa."

"Nani aliwapa ruhusa?" Feruzi alisimama, sauti imempasuka. "Yusufu hawezi kulala vile. Yusufu alihitimu juzuu zote, baba yake—"

Alinyamaza, lakini alikuwa amechelewa.

"Yusufu ni nani?" Asmani aliuliza taratibu.

Mkono wa Feruzi ulishuka mezani, ukapita juu ya karatasi, ukakamata kisu kirefu cha kukatia karatasi. Asmani alikuwa ameuona mkono tangu ulipoanza safari, lakini kiti kilimbana. Kisu kilimchana kiganja cha kushoto toka kidole hadi kifundo. Alipiga meza teke, ikamgonga Feruzi tumboni, na wote wawili wakaanguka kupitia mlango ule hadi ndani ya kiwanda, kwenye rafu za visanduku.

Herufi za risasi ziliwamwagikia, maelfu. Feruzi alipigana kama mtu asiye na kesho. Alimng'ata Asmani begani hadi nyama ikaachia, akamkaba kwa goti, akainua kisu kwa mikono miwili. Asmani alishika kiganja cha herufi, akamtupia machoni. Kisu kikashuka pembeni, kikakwama kwenye mbao. Asmani akaukamata mkono uliokishika, akauingiza ndani ya droo iliyokuwa wazi, akaifunga droo kwa uzito wake wote. Mfupa ulilia. Akaifunga tena. Kisha akamgeuza Feruzi, akampiga uso sakafuni kwenye zile herufi, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akifikiria vidole vya Riziki.

Alipoacha, Feruzi alikuwa na alama ndogondogo za herufi shavuni na miwani yake haikuwepo.

"Sema," Asmani alisema, akihema.

"Ni Bibi Esha," Feruzi alisema kwa kinywa kilichojaa damu. "Artikle yangu juu ya misafara ya watumwa. Ndiyo ilijulisha jarida kote, hata Ubelgiji. Niliandika ati Bibi Esha wa Kabonga alinihadithia yote, mwaka wa Uhuru. Nilitaka jina la muntu wa kweli. Nani angejua? Bibi Esha alikufa sisi tungali watoto wa chuo cha Kurani. Hakunihadithia kitu. Nilitunga."

"Kalume akajua."

"Tulibeba jeneza pamoja, miye mbele, yeye nyuma. Katika dunia nzima ya wasomi, muntu mumoja tu angeweza kujua, na komite ikamuleta huyo, ikamukalisha kwa kile kiti." Alitema jino. "Jumamosi aliniita hapa. Tukasema Kiswahili cha kwetu kwa mara ya kwanza. Akasema, ndugu yangu, nitaifuta hiyo artikle, mhariri hana njia nyingine. Nikamwambia, Yusufu, miye nilikutunzia siri yako maisha yote. Shule, ubatizo, digrii, sikufungua mudomo hata siku moja. Weye unashindwa kunitunzia yangu? Akasema si jambo moja. Akanigeuzia mugongo."

Asmani aliikata kamba ya kufungia kurasa kutoka kwenye bunda lake, akamfunga mkono uliovunjika kwa ule mzima, kwa mafundo ya kipolisi.

"Wamemuzika kweli vile?" Feruzi aliuliza.

"Hapana. Yuko kwa masista. Amelala kama ulivyomlaza."

Hapo ndipo Feruzi alipolia, na Asmani akamchukia zaidi kwa machozi yale. Kwa ajili ya maiti alikuwa na huruma. Kwa Riziki, mtu hai aliyekuwa akipigwa hatua chache kutoka dirishani mwake, alikuwa amechukua kalamu akasahihisha.

*

Lori ilikuwa imekwisha kuwashwa walipofika. Asmani alimsukuma Feruzi mbele yake katikati ya uwanja, damu ikidondoka toka mikononi mwao wote wawili, na Mwanvua akaingia nyuma yao na sufuria yake bila kumwomba mtu ruhusa.

"Zimeni gari," Asmani alisema. "Muuaji ni huyu. Amekiri, na atakuambia mwenyewe taya alifunga lini. Mtoe Riziki."

Komanda alitazama saa yake, halafu akamtazama Feruzi, halafu ardhi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na kikombe.

"Inspekta," alisema, "yule alikuwa na kifua kibaya."

Nyuma ya gurudumu kulikuwa na turubai, na chini ya turubai nyayo mbili. Wangempakia hivyohivyo. Asmani alilivuta turubai. Walimtupa kifudifudi, mdomo wazi, vidole vile chini ya tumbo.

Alikwenda kwa Komanda, akampiga ngumi moja ya uso kwa mkono uliochanika, na Komanda akakaa chini. Askari walikoki bunduki. Komanda aliwainulia kiganja, akibaki palepale mavumbini, akijipangusa pua.

"Nimekwisha kuandika," alisema. "Aliyekiri amekufa. Kesi imefungwa. Huyu wako, miye sina karatasi yake."

Mwanvua alikuwa ameweka sufuria chini kwa uangalifu, kama bado ingehitajika. Akapiga magoti. Alijaribu kumgeuza mumewe, akashindwa, mwili ukimlemea.

"Nifungulie mukono," Feruzi alisema. "Ule muzima. Inspekta, tafadhali. Hawezi kukaa vile."

Asmani alifikiri kumpiga. Kisha akamfungulia.

Feruzi alipiga magoti upande wa pili. Kwa mkono mmoja na goti alimlaza Riziki ubavu wa kulia, kichwa milimani, miguu ziwani. Alimfumba jicho. Akaiokota ile kamba ya kurasa iliyotoka mikononi mwake mwenyewe, akaishika ncha moja kwa meno, akaizungusha chini ya kidevu na juu ya kichwa, tena na tena, kwa wepesi, bila kuangalia. Ilipokwisha hakufunga fundo. Aliisokomeza ncha chini ya mizunguko kwa ukucha wa kidole gumba.

Mwanvua aliitazama ile ncha. Alikuwa ameona ya namna hiyo Jumapili, akiwa amesimama kwenye mlango wa kiwanda.

"Nani alikufundisha kufunga vile?" aliuliza.

Feruzi aligusa bega la Riziki. "Ni yeye."

Mwanvua alinyoosha mkono, akaivuta ncha, na kamba yote ikafunguka mara moja. Akaitupa chini ya lori. Akachana upindo wa kitenge chake kwa meno, akalifunga taya la mumewe upya, mwenyewe, akakaza fundo, akalikaza tena.

"Andika karatasi nyingine," Asmani alimwambia Komanda, akakaa chini karibu na sufuria kungoja.